Jua la Ifakara na Makonyo ya Umeme

Mwanachama wetu mmoja, mwenye mashine za kukoboa na pampu mbili za maji, ametuletea swali ambalo twaamini si lake peke yake. Amepata khabari kutoka kwa jamaa yake wa Bara, mwenye kinu cha mpunga Ifakara, ya kuwa tangu alipofunga sola iliyounganishwa na waya wa gridi, ile namba iitwayo pawa fakta katika mita yake imeanguka vibaya sana. Fundi aliyeitwa kutazama akamwambia kwamba jua limeharibu umeme wake. Sasa mwanachama wetu, ambaye karatasi za mkopo wa sola tayari anazo mezani, anauliza: atie saini au asitie?

Rai yetu twaitoa mapema ili asiyekuwa na wakati wa kusoma mpaka mwisho aondoke nayo. Atie saini, walakini si kabla ya kuzitengeneza mota zake. Fundi yule hakusema uwongo mtupu, ila amemsingizia asiye na kosa. Jua halikuharibu kitu. Jua limefunua deni ambalo mota za kinu kile zilikuwa nalo tangu siku zilipofungwa.

Kila mota, iwe ya kinu, ya pampu au ya msumeno, hutaka vitu viwili kutoka katika waya. Cha kwanza ni nguvu ya kazi, ile inayozungusha na kukoboa na kuvuta maji. Hii hupimwa kwa kilowati, na yuniti tunazozilipia hutokana na hiyo. Cha pili ni umeme wa kutia sumaku ndani ya mota. Huu haufanyi kazi yoyote ya kuonekana. Huingia katika mota na kurudi katika waya, huingia na kurudi, hauna mapumziko. Mafundi huuita riaktivu na huupima kwa kVAr. Bila ya huo mota haizunguki, kwa hiyo hatuwezi kuutukana, lakini kila unapokwenda na kurudi hushika nafasi katika waya na katika transfoma.

Sisi watu wa karafuu hatuna haja ya kwenda mbali kulifahamu jambo hili. Mchumaji hashuki mtini na karafuu tupu. Hushuka na vishada, karafuu pamoja na makonyo yake, na vyote viwili hujaza gunia na vyote viwili humlemea mchukuzi. Karafuu ndiyo kilowati. Makonyo ndiyo riaktivu. Gunia zima ndilo lile neno kVA ambalo wenye viwanda hulikuta katika bili zao. Pawa fakta ni kuuliza tu: katika mzigo huu wote, karafuu ni kiasi gani? Ikiwa ni 1 basi gunia ni karafuu tupu. Ikiwa ni 0.8 kuna makonyo ya kutosha humo ndani. (Makonyo yetu angalau yana mnunuzi, maana kiwanda cha Wawi huyatoa mafuta. Makonyo ya umeme hayana mnunuzi popote duniani.)

Kuna tofauti moja ambayo yafaa tuitaje, wasije mafundi wakatucheka. Kilowati na kVAr hazijumlishwi kama pishi mbili za karafuu. Hujumlishwa kwa ile hisabu ya seremala anayepima kona ya nyumba: upande mmoja 3, upande wa pili 4, na kamba ya mshazari hutoka 5. Aliyewahi kumtazama fundi akikata kona ya msingi ameshaifahamu nusu ya elimu ya pawa fakta.

Tumelichukua bonde la Kilombero kuwa mfano kwa sababu mambo yote mawili yamekutana pale. Ifakara ni mji wa mpunga. Mavuno yakiingia, mashine za kukoboa hunguruma mchana kutwa, na kila mashine ina mota, na mota nyingi ni kubwa kuliko kazi yake, maana mtu hununua inayopatikana. Mota kubwa inayofanya kazi ndogo ndiyo yenye makonyo mengi kupita zote. Halafu, baada ya masika, jua la bonde lile ni kali na mbingu ni nyeupe, katika miezi ile ile ambayo mpunga unakobolewa. Mwenye kinu akifikiria sola hatuwezi kumlaumu.

Tena bonde lenyewe limekaa baina ya mitambo mikubwa ya maji. Upande wa Kidatu, juu ya mto Ruaha Mkuu, kuna mtambo wa megawati 204. Upande wa Kihansi kuna wa megawati 180. Msomaji anaweza kudhani kuwa mtu anayeishi baina ya hao wawili hana shida ya umeme. Walakini umeme hautazami umbali kwa jicho, hutazama waya. Kwa miaka mingi Ifakara ililishwa kwa laini ndefu ya kilovolti 33 kutoka upande wa Kidatu, na ni katika miaka hii ya karibuni tu ndipo kilipojengwa kituo cha kupozea umeme cha kilovolti 220 kwa 33 pale pale Ifakara, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Katika laini ndefu, makonyo ndiyo yanayoangusha volti. Ndiyo maana mota kubwa ikiwashwa taa za jirani hufifia.

Na jambo moja kuhusu mitambo ile: jenereta inayozunguka, ya maji au ya mvuke, ina uwezo wa kutoa kilowati na riaktivu pamoja. Viwanda vya sukari vya Kilombero huchoma makapi ya miwa, hupata mvuke, na mvuke huzungusha jenereta; jenereta hiyo huweza kulisha mota za kiwanda karafuu na makonyo yake. Sola haiko hivyo. Paneli hutoa umeme wa namna ya betri, na inveta huugeuza uwe wa namna ya gridi, na inveta nyingi hufungwa zikiwa zimepangwa kutoa kilowati peke yake. Yaani sola hutuletea karafuu iliyokwisha kuchambuliwa.

Hapo sasa ndipo lilipo fumbo la jamaa wa Ifakara. Tuchukue kinu cha kufanyia hisabu, si cha mtu fulani. Mota zake zote pamoja zavuta kilowati 60 na kVAr 45. Kwa kipimo cha seremala mzigo wote ni kVA 75, na pawa fakta ni 0.80. Akafunga sola inayotoa kilowati 40 saa sita mchana. Kutoka katika gridi sasa anahitaji kilowati 20 tu. Lakini kVAr 45 ziko pale pale, hazikupungua hata moja, kwa sababu mota hazijui kilowati zimetoka wapi. Zinataka sumaku yao ile ile. Mzigo wa waya umekuwa kVA 49, na pawa fakta imekuwa 0.41. Karafuu imeondolewa katika gunia, makonyo yamebaki. Anayepima gunia lazima aone makonyo mengi.

Sasa twaomba msomaji aitazame hisabu hii mara ya pili, kwani wengi huteleza hapa. Mzigo umeshuka kutoka kVA 75 mpaka 49. Namba ya pawa fakta imekuwa mbaya, na huku mzigo wa waya umekuwa mwepesi. Mtu anayeitazama pawa fakta peke yake atang'oa paneli nzuri kwa hofu ya bure.

Je, nani anayelipa? Hapa yategemea bili. Mtu wa nyumba, na mwenye kinu kidogo anayenunua yuniti kwa Luku huko Bara au kwa Tukuza huku kwetu, hulipa kilowati kwa saa basi. Pawa fakta yake ikiwa 0.41 au 0.95, mfuko wake haujui. Huyo akitishwa na muuza kapasita, na amwonyeshe mlango. Mkubwa ndiye anayeguswa. Katika agizo la bei la EWURA la mwaka 2016, mteja wa TANESCO wa daraja la T2, yaani anayetumia umeme wa volti 400 na kupita yuniti 7,500 kwa mwezi, aliwekewa Shs. 195 kwa kila yuniti, na juu yake Shs. 15,004 kwa kila kVA ya kilele cha mwezi. Kilele maana yake ni ule wakati mmoja katika mwezi mzima ambao mzigo ulikuwa mkubwa kupita wakati mwingine wowote.

Basi kinu chetu cha hisabu, kikifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hutumia yuniti 12,480, na kilele chake cha kVA 75 hugharimu Shs. 1,125,300 kwa bei za agizo lile, mbali na yuniti, mbali na kodi. Tuseme sola yampa yuniti 150 kila siku ya kazi. Amepunguza yuniti 3,900, ambazo ni Shs. 760,500. Hiyo ni fedha ya kweli na twaipongeza. Lakini muuzaji alimwambia pia kuwa kilele kitashuka mpaka kVA 49, na hapo ndipo tunapomshika mkono muuzaji. Siku moja tu ya mwezi, wingu zito likikaa juu ya Ifakara huku mashine zote zinazunguka, au wateja wakiwa wengi na kazi ikaendelea mpaka saa kumi na mbili jioni, mita itaandika 75. Ikishaandika, imeandika. Siku 25 za jua kali hazifuti siku moja ya wingu. Kwa hiyo katika mstari wa kVA sola yaweza isimwokolee hata senti, mwezi baada ya mwezi, na mkopo wa benki ulipigiwa hisabu kana kwamba itamwokolea.

Mambo ni mazito zaidi kwa majirani zetu. Kenya kwa muda mrefu imekuwa na tozo juu ya mteja mkubwa ambaye pawa fakta yake iko chini ya 0.9. Huko mwenye kinu kama huyu asingeweza kusema kuwa namba mbaya haimdhuru. Ingemdhuru katika bili yenyewe. Nani atatuhakikishia kuwa tozo ya namna hiyo haitaletwa kwetu katika miaka 20 ambayo paneli zinatarajiwa kudumu?

Nao wenye gridi wana haki yao, tusiwafanye maadui. Shirika la umeme linauza yuniti chache kwa mteja huyu, lakini linatakiwa kumletea makonyo yale yale kwa waya ule ule, na kumwekea nafasi ya kVA 75 kwa siku ya wingu. Wakilalamika hawalalamiki bure.

Dawa yake ni ya zamani kuliko sola. Inaitwa kapasita, na umbo lake ni kopo au sanduku lisilo na kitu kinachozunguka ndani. Kazi yake ni kutoa riaktivu pale pale karibu na mota, isitoke Kidatu. Katika kinu chetu tufunge kapasita ya kVAr 30. Makonyo ya kuletwa kwa waya sasa ni 15 badala ya 45. Siku ya wingu mzigo wote ni kVA 62 badala ya 75, na pawa fakta 0.97. Kwa bei zile zile za 2016 hizo ni kiasi cha Shs. 197,000 kila mwezi, na hazikuhitaji jua hata kidogo. Jua likiwa saa sita, gridi yaleta kilowati 20 na kVAr 15, yaani kVA 25, na pawa fakta imerudi 0.80 kama ilivyokuwa zamani kabla ya sola. Bei ya kapasita ni ndogo sana ukiilinganisha na ya paneli. Twastaajabu kwamba watu wanakopeshwa mamilioni kwa kitu cha pili na hawaambiwi kufunga kitu cha kwanza. Au labda hatustaajabu, maana faida ya muuzaji iko katika paneli.

Ipo dawa ya pili, nayo imo ndani ya inveta yenyewe. Inveta ya kVA 50 inayotoa kilowati 40 ina nafasi iliyobaki ya kVAr 30. Seremala wetu atalithibitisha hilo kwa 3, 4, 5. Inveta za kisasa zaweza kuamrishwa kuitoa. Wakubwa wa dunia wamelijua hili kwa kuchelewa. Marekani, kanuni ya wahandisi ya mwaka 2003 ilizikataza sola kujitia katika kazi ya kurekebisha volti. Toleo la 2018 likageuza maneno na kutaka inveta ziwe na uwezo wa kutoa na kupokea riaktivu. Ujerumani, ambako paneli zilijaa juu ya mapaa mapema, waliliandika katika kanuni zao mwaka 2011. Basi mwanachama akiambiwa kuwa inveta haiwezi, aulize ni ya mwaka gani, na aulize kama haiwezi kweli au fundi hajui wapi pa kuipangia.

Lakini tusizichanganye dawa mbili hizi. Inveta nyingi hulala jua likizama, na kilele cha jioni ndicho kinachouma. Kapasita haijui usiku. Kwa hiyo twasema kapasita kwanza, inveta baadaye.

Ziko hatari, na tusipozitaja tutakuwa na sisi ni wauzaji. Kapasita iliyoachwa imewashwa huku mota zimezimwa hupeleka riaktivu kinyumenyume katika waya na kupandisha volti, na volti ikipanda inveta hukata yenyewe, na mtu husema paneli ni mbovu. Dawa ni kila kapasita iwashwe na kuzimwa pamoja na mota yake, au kufungwa kifaa cha kuziwasha moja moja kwa kipimo. Nacho kifaa hicho kina tabia yake: kikiwekwa kupima upande wa gridi, na sola ikapunguza mkondo mpaka ukawa kidogo sana, au ikaanza kurudisha umeme nje, baadhi yao huchanganyikiwa na kuzima kapasita wakati zinahitajika. Yafaa kinunuliwe kinachojua kupima umeme unaoingia na unaotoka. Kadhalika inveta na mashine za namna hiyo hutia vurugu ndogo ndogo katika mkondo, ambazo huweza kuchemsha kapasita za bei rahisi. Mafundi wazuri wanazijua habari hizi zote. Fundi wa kufunga taa za sebuleni hazijui, na hatumdharau kwa kusema hivyo.

Na neno moja la pembeni, kwa kuwa tumeliulizwa mara nyingi: sola ya kuunganishwa na gridi, isiyokuwa na betri, huzimika gridi inapozimika, hata jua likiwa la kuchoma utosi. Imefanywa hivyo makusudi, asije fundi wa laini akauawa na umeme wa paa la mtu. Anayetaka taa siku ya giza anataka kitu kingine, na bei nyingine.

Turudi kwetu. Pemba hatuna Kidatu. Tangu mwaka 2010 twapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, na kabla ya hapo tulikuwa tukitegemea majenereta ya mafuta. Waya ule una kipimo chake. Kila mzigo wa makonyo unaopita humo umechukua nafasi ya karafuu. Wajuzi watatukumbusha kuwa waya wa baharini wenyewe huzaa riaktivu kiasi, na ni kweli, kwa hiyo hisabu ya kisiwa kizima tunawaachia ZECO. Lakini hisabu ya kinu cha mtu mmoja, cha pampu za shamba, cha msumeno wa mbao, hiyo ni yetu, na haina tofauti na ile ya Ifakara ila kwa viwango vya bei, ambavyo kila mtu atavisoma katika bili yake mwenyewe.

Jua si mgeni kwetu. Tumekuwa tukilifanyisha kazi juu ya majamvi tangu siku za mababu, na tunajua namna linavyomchezea mtu aliyeanika karafuu halafu likatokea wingu. Kwa hiyo tunaiomba Kamati mambo mawili. Chama kimpate mhandisi mmoja asiyeuza kitu, asome bili za wanachama wenye mashine kabla hawajakopa. Na kila mkataba wa sola utakaopitia chama uwe na mstari unaomlazimisha muuzaji kuandika pawa fakta na kVA vilivyopimwa penye mita, kabla ya kufunga na baada ya kufunga, wakati wa jua na wakati jua limezama. Muuzaji akikataa mstari huo, chama kisimdhamini mkopaji.

Mwanachama aliyetuuliza ameshakubali kungoja. Wengine wenye mota na wenye nia kama yake walete ofisini bili za miezi 12 iliyopita, na wanakili maandishi ya kibati kilichopigiliwa juu ya kila mota, kilowati zake na ile namba iliyoandikwa kando ya cos φ. Ikiwa kibati kimefutika, waandike ukubwa wa mota na kazi inayofanya, na saa inapowashwa na kuzimwa.